Nyuki Wetu, Chakula Chetu

Karibuni Chagaik tuadhimishe Siku ya Nyuki Duniani, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mei 20.

Chai tunachuma majani, kwa hivyo nyuki hatumwoni. Lakini malenge kando ya chai yana maua ya kiume na ya kike. Asipopita mdudu na chavua, malenge hakuna.

Watoto, kila mmoja achague ua, ahesabu wadudu watakaotua kwa dakika 10. Msiwaguse.

Nasi wazazi, tusinyunyize dawa asubuhi maua yakiwa wazi. Tungoje jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Dawa haichagui: huua mharibifu na mchavushaji pamoja, na hasara ni yetu.