Elimu ya Dunia na Mto Ruvu

Fungueni madaftari yenu. Leo nitajibu barua.

Barua hii imetoka Vigwaza. Aliyeiandika ni mzee mmoja ambaye mwaka jana alikuwa hajui kuandika jina lake. Leo ameandika ukurasa mzima kwa mkono wake. Mzee wangu, shikamoo. Anasema kwamba binti yake amefaulu kidato cha sita. Anataka kwenda chuo kikuu kusoma jiografia, na ndani ya jiografia achague elimu ya mifumo ya dunia. Mzee anafikiri kuuza ekari mbili za shamba ili apate gharama. Lakini anauliza: "Mvua na mto tunaviona kila siku. Mtoto akasome nini tena?"

Swali hili si la kuchekwa. Mtu anayeuza shamba lake hana budi kujua ananunua nini.

Mimi nilipokuwa shule ya msingi tuliimba majina ya milima na mito kama kasuku. Nilijua kuyataja yote. Lakini ungeniuliza kwa nini mto umefurika, ningenyamaza. Elimu anayoitaka binti huyu inaanzia hapo niliponyamaza mimi.

Kwanza, mfumo ni nini? Itazameni baiskeli. Ina pedeli, mnyororo na magurudumu. Ukitazama pedeli peke yake hutajua kwa nini baiskeli inakwenda. Yafaa uone jinsi pedeli inavyovuta mnyororo, na mnyororo unavyozungusha gurudumu. Vitu vingi vinavyovutana hivyo na kufanya kazi pamoja huitwa mfumo.

Dunia nayo ni hivyo hivyo. Ina sehemu kubwa nne: hewa, maji, ardhi pamoja na miamba yake, na viumbe hai. Sehemu moja ikiguswa, nyingine hutikisika.

Sasa twendeni kwenye Mto Ruvu, ambao mnauvuka mkienda Mlandizi. Mto huu unaanza katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, nao unaingia baharini karibu na mji wa Bagamoyo. Kule mlimani msitu unapokea mvua. Majani hupunguza nguvu ya matone, na udongo hunywa maji na kuyatoa polepole. Msitu ukikatwa, maji hushuka kwa haraka na kuchukua udongo. Basi wakati wa masika mto hujaa matope, na wakati wa kiangazi hupungua upesi. Mtu ameshika shoka mlimani, na mwenye mpunga bondeni ndiye anayelia.

Lakini mlima peke yake hautoshi kueleza habari zote. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 maji ya Ruvu yalipungua sana, hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Kwa nini? Mwaka ule maji ya joto ya Bahari ya Hindi yalikuwa yamekusanyika upande wa mashariki, karibu na Indonesia. Mawingu ya mvua huinuka zaidi penye bahari yenye joto. Basi mvua zikaenda huko, na vuli yetu ikawa haba. Mwaka 2019 mambo yalikuwa kinyume. Joto lilikuwa upande wetu, na mvua za vuli zikanyesha kupita kiasi katika Afrika Mashariki. Kumbe bomba la Dar es Salaam limefungwa na bahari iliyo mbali sana!

Mzee wangu, mto unauona kila siku, ni kweli. Lakini kamba hii ndefu, inayotoka bahari ya mbali mpaka mlimani na mpaka bondeni kwako, haionekani kwa macho. Hiyo ndiyo atakayoisoma binti yako.

Masomo ya shahada ya kwanza ya jiografia kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Kwanza atasoma ramani, hali ya hewa, miamba, udongo na hesabu za takwimu. Baadaye atachagua njia yake. Atatumia kompyuta na picha zinazopigwa na vyombo vilivyorushwa angani. Tena atakwenda nje kupima maji na kuchimba udongo, kwa hiyo nguo zake zitachafuka kama zako.

Je, atapata kazi? Sitakudanganya. Cheti peke yake si ahadi ya kazi. Lakini elimu hii inatakiwa katika Mamlaka ya Hali ya Hewa, katika Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu, katika misitu, katika mipango ya ardhi na shuleni. Tena, kabla hujauza ekari zako, binti na aombe mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo si zawadi, hurudishwa baada ya masomo. Lakini shamba likiuzwa ni vigumu kulirudisha.

Neno la mwisho, mzee wangu. Wewe unakumbuka miaka ya njaa na miaka ya mafuriko. Hayo hayamo katika picha za angani. Sasa unajua kuandika. Yaandike, umpe binti aende nayo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Sehemu nne za mfumo wa dunia ni zipi?
2. Msitu wa mlimani unamsaidiaje mkulima wa bondeni?
3. Kwa nini vuli ya mwaka 2022 ilikuwa haba?

Kazi ya wiki

Chukueni kopo ambalo mdomo na kitako chake vina upana mmoja. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi pimeni kwa rula maji yaliyomo, kisha yamwageni. Andikeni tarehe na milimita katika daftari. Siku isiyo na mvua, andikeni 0, wala msiiruke.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.