Yoga na mgongo wa mkata mkonge

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, mkataji huinama tangu alfajiri: anakata jani, anaondoa mwiba wa nchani, anafunga tita, kisha anainama tena. Jirani zake wa Handeni huinamia jembe. Jioni, mgongo hudai chake.

Hapo ndipo yoga inapoingia. Mwaka 2017, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya vidonge kwa maumivu sugu ya mgongo. Mwili hunyooshwa polepole, huku pumzi ndefu zikituliza mapigo ya moyo na kichwa kilichojaa mawazo.

Wapo wanaoiona ni starehe ya wenye nazo. Lakini jijini Nairobi, Africa Yoga Project iliyoanza mwaka 2007 imewafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini, na baadhi yao leo ni walimu wanaolipwa.

Yoga haidai ukumbi wala mashine. Mkeka mmoja na dakika 15 kabla ya kulala zinatosha kuanzia. Aliyeumia mgongo amwone daktari kwanza.