Kesi Isisubiri Maiti

Msikilizaji, mteremko wa Sachang'wan, karibu na Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, una sifa mbaya nchini kote. Kwa miaka mingi madereva wa trela walikuwa wakitoa gia pale juu ili gari lijishukie lenyewe na mafuta yabaki. Breki zikichemka hukataa kushika, na trela lililojaa mzigo haliombi njia.

Nataka tumfikirie dereva aliyetoa gia na akafika chini salama. Hakugonga mtu, akanywa chai Salgaa, akaendelea na safari. Huyo naye alikuwa na kesi ya kujibu.

Kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinamshika anayeendesha kiholela, au kwa mwendo au namna ya kuhatarisha umma. Hakidai maiti, wala hata mkwaruzo. Tena kinaitaka mahakama ipime hali ya barabara, magari yaliyokuwepo, na hata yale ambayo ingetarajiwa yawepo. Kwa hiyo anayeovateki kwenye kona kisha aseme barabara ilikuwa tupu, hajajitetea. Kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, na hakimu ana uwezo wa kusimamisha leseni.

Hapo kwenye leseni ndipo ninapotaka mahakama zikaze. Faini hulipwa na mwenye gari kabla ya jioni, na kesho yake dereva yuko stejini akiita abiria. Kumwondoa barabarani kwa miezi kadhaa ndiko kunakotulinda sisi tunaoketi nyuma yake. Lakini hata kufika kwa hakimu ni shida, maana wengi huachiliwa kwenye kizuizi cha polisi barabarani kwa kitu kidogo. Kila anayeachiliwa hivyo anarudi barabarani akijua bei ya kosa lake, na bei hiyo ni ndogo mno. Jambo hili linaniudhi, na sioni kwa nini tulizoee.

Mtu akifa, kinaingia kifungu cha 46: hadi miaka 10 gerezani, leseni kufutwa, na dereva kuzuiwa kupata nyingine kwa miaka 3, inayohesabiwa tangu ahukumiwe, au amalize kifungo ikiwa alifungwa.

Familia nyingi huzika, zikaliacha faili la polisi lijiendee. Zinapoteza sana. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, katika kesi ya fidia haibishaniwi tena kwamba dereva alitenda kosa lile. Kinachobaki ni kiasi cha fidia, na pengine kama marehemu naye alichangia. Kesi hiyo ya fidia lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3, na kampuni ya bima hailazimiki kisheria kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Mjane anayengoja serikali imwite anaweza kushtuka muda umekwisha.

Na hukumu hiyo ya jinai haiji yenyewe. Ajali peke yake haithibitishi kosa. Mwendesha mashtaka lazima aonyeshe dereva alifanya nini: alihama upande wake, aliovateki mlimani, alikuwa kwenye simu. Wanaoyaona hayo ni abiria, ambao hupanda gari jingine wakaenda zao. Basi ukinusurika, au ukishuhudia dereva akicheza na roho za watu hata kama hakuna aliyeumia, andika nambari ya gari, saa na mahali. Ingia kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha taarifa, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ukiitwa mahakamani, nenda, hata kama kesi imeahirishwa mara tatu.