Kunguni Hawaondoki kwa Siku Moja



Watu wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, ni wakulima, na kila mkulima ajua ya kuwa shamba la mahindi halipaliliwi mara moja likatosha. Magugu huota tena, na jembe hurudi. Walakini mkulima huyo huyo akiona kunguni kitandani, hununua dawa, hunyunyiza mara moja tu, na asipoona mdudu kwa siku chache hudhani amekwisha shinda. Haupiti muda mrefu, watoto huamka tena wamejaa vipele. Ndipo hulaumu dawa, au jirani.

Sababu ya kwanza ni mayai. Kunguni jike hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, na maishani mwake huweza kufikisha mayai 200 au zaidi. Ni madogo kama kichwa cha pini, nayo hunata katika nyufa za mbao na mishono ya godoro. Dawa nyingi humwua mdudu, haziliui yai. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Kwa hiyo kazi yote yapasa kurudiwa baada ya majuma mawili. Wala kuhama chumba hakufai, kwa kuwa kunguni aweza kukaa miezi kadha bila kunywa damu.

Sababu ya pili ni dawa zenyewe. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, DDT iliua kunguni wengi duniani. Lakini mwaka 1947 huko Hawaii walikwisha onekana kunguni wasiokufa kwa dawa hiyo. Leo wengi wamezoea hata dawa za jamii ya pareto, ambazo ndizo hutiwa katika vyandarua. Chandarua kisiachwe, maana chazuia malaria. Ila mtu asitumaini kitamwondolea kunguni. Naye aletaye chumbani dawa ya shambani au petroli, huleta sumu na moto mahali walalapo watoto.

Lipo jambo ambalo kunguni hawezi kulizoea, nalo ni joto. Lipitapo digrii 50, mdudu na yai hufa pamoja. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto sana. Kitanda cha mbao kifunguliwe, kitolewe nje, na viungo vyake vimwagiwe maji yanayochemka. Nyufa za ukuta wa udongo zizibwe, kisha ukuta usilibwe upya.

Hata majani ya maharagwe yana msaada. Katika nchi za Balkani watu waliyatandaza sakafuni usiku, na asubuhi wakayachoma pamoja na kunguni walionaswa. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi vinywele vya jani, vilivyopinda kama ndoana, vinavyochoma miguu ya mdudu. Majani hayo hupunguza kunguni, hayawamalizi.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote ni aibu. Kunguni hana mabawa wala haruki; hubebwa. Huja katika sanduku la mwanafunzi wa bweni, katika godoro lililonunuliwa kuukuu, au katika mzigo wa mgeni atokaye Kitale. Huingia nyumba safi na nyumba chafu, ya tajiri na ya maskini. Haijathibitishwa kwamba hueneza maradhi kwa kuuma, lakini huiba usingizi, na mtoto asiyelala usiku husinzia darasani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwenye kuficha kunguni huwapa nafasi ya kuvuka ukuta hadi kwa jirani, na jirani akishasafisha kwake, humrudishia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yafaa nyumba zilizo pamoja zipatane siku moja ya kutoa vitanda nje, na siku ya pili baada ya majuma mawili. Siku hiyo ya pili ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo imalizayo kazi.