Kazi za Mikono kwa Vitu Vilivyotupwa, na Bei Yake
(Maneno aliyoyasema Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kazi za mikono zinazofanywa kwa vitu ambavyo watu wamekwisha kuvitupa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kalamu na daftari, na nyundo nikiishika hujigonga kidole. Lakini daftari la mauzo ya Chama limo mikononi mwangu, na ndani yake mna kosa ambalo sina budi kulikiri mbele yenu.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mmeinunua bila kuiona ikifanywa. Mama zetu hukutana Jumamosi alasiri nyuma ya ukumbi, nao hutengeneza mazulia madogo ya kutandika mlangoni au kando ya kitanda. Vifaa vyao ni gunia kuukuu la katani, nguo zilizochakaa zisizovalika tena, mkasi, sindano na uzi, pamoja na msumari wa inchi 6 ambao ncha yake imesuguliwa juu ya jiwe hata ikawa butu kidogo, ili isikate nyuzi za gunia. Gunia hufuliwa, likaanikwa, likakatwa, na kingo zake zikakunjwa na kushonwa, kwa kuwa gunia lisiloshonwa kingo hufumuka kwa siku chache. Zulia likiisha huwa na futi 2 kwa futi 3. Mchoro huchorwa juu ya gunia kwa kipande cha makaa.

Nguo nazo hukatwa vipande vyembamba, urefu wa kidole na upana wa nusu kidole. Tundu hutobolewa kwa msumari, ncha moja ya kitambaa ikasukumwa chini. Tundu la pili hutobolewa karibu yake, na ncha ya pili ikafuata. Upande ule wa chini, wenye ncha zote, ndio utakaokuwa uso wa zulia. Kitambaa hakifungwi fundo. Kinachokishika ni jirani zake, kwa kubanana. Kwa hiyo mtu akiviweka mbalimbali ili amalize upesi, zulia lake litanyonyoka mara ya kwanza likikung'utwa. Sweta za sufu zilizotoboka ndizo bora; fulana za pamba hufaa; nguo za nailoni huteleza zikachomoka.

Sasa nije kwenye kosa langu. Zulia la kwanza lilipoletwa kwangu ili nilitie bei, niliandika hivi: gunia, bure, nguo, bure, uzi, shilingi 40, sabuni ya kufulia, shilingi 30, jumla shilingi 70. Nikaongeza shilingi 80 kuwa faida, nikaandika bei ya shilingi 150, nikapiga mstari chini kwa rula, na kwa kweli niliona nimefanya hesabu safi. Mazulia yote yakanunuliwa siku moja, nasi katika kamati tukafurahi.

Baada ya mwezi mmoja mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alinijia mezani kupokea fungu lake. Akaniomba nimsomee ukurasa wake. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, uzi umeuandika, na sabuni umeiandika. Na siku zangu umeziandika ukurasa gani?"

Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata nilikaa naye nikiwa na saa mkononi. Nilipima nikaona kila inchi moja ya mraba ina vipande viwili vya kitambaa. Futi 2 kwa futi 3 ni inchi za mraba 864. Basi zulia moja lina vipande 1,728. Kila kipande kilimchukua nusu dakika, naye ni mwepesi kuliko wenziwe. Hiyo ni saa 14 na dakika 24 za kutoboa na kusukuma tu. Kufua, kukata vipande na kushona kingo ni saa 6 nyingine. Zile shilingi 80 nilizoziita faida, ukizigawa kwa saa 20, ni shilingi 4 kwa saa. Ndugu zangu, kwa saa tano za kazi hiyo mtu hapati hata nauli ya matatu ya kumfikisha mjini.

Wako watakaosema kwamba kazi ya takataka ni kazi ya maskini, na maskini hana budi kuridhika. Neno hilo ni la zamani, na halikuwa kweli hata zamani. Wale mafundi wa Kamukunji wanaofua majiko, karai na masanduku ya shule kutokana na mapipa ya chuma yaliyokwisha kazi, na wale wakatao tairi kuukuu wakatengeneza akala, walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa wachafuzi wa mji. Ndipo mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa likatoa taarifa yake juu ya Kenya, ikaonyesha kwamba watu kama hao huzalisha mali na huwapa wengine kazi, ingawa walikuwa wakifukuzwa badala ya kusaidiwa. Na huko Lamu, mwaka 2018, lilishushwa majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mkuu wa mafundi wake alikuwa Ali Skanda wa Lamu. Mwanzo wa mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Unguja, na hakuna aliyesema gharama yake ni misumari tu.

Juu ya kazi nyingine nitapita upesi. Vikapu vinavyosukwa kwa nyuzi zilizofumuliwa katika magunia ya plastiki ni vizuri na vina nguvu, nasi tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, tunavihitaji zaidi sokoni. Magari ya waya na vizibo vya chupa tuwaachie watoto wenyewe, wanatushinda.

Lakini juu ya mikebe nasema kwa mkazo. Vijana wetu wameanza kuunganisha mikebe kwa lehemu, wakafanya vikombe na upawa. Lehemu ya kawaida ina risasi, na risasi ni sumu inayodhuru hasa akili za watoto wadogo. Mkebe uliotiwa lehemu uwe wa kuwekea misumari, kalamu au mche wa ua. Usiwe wa uji. Na mkebe uliokuwa na rangi au dawa ya kuulia wadudu usiletwe hapa kwa kazi yoyote, hata ukioshwa mara saba.

Basi kamati inaleta shauri mbele yenu. Daftari jipya liwe na safu ya saa za kazi, na kila saa ihesabiwe shilingi 40. Kwa hesabu hiyo zulia ni shilingi 800 za kazi na 70 za vifaa, yaani shilingi 870. Najua mnung'uniko utakuwa nini: dukani kuna zulia la kiwandani kwa bei iliyo chini ya hiyo. Ni kweli. Huenda tukauza matatu mahali tulipouza kumi. Mimi naona ni afadhali mama auze moja na apumzike Jumamosi mbili, kuliko auze matano huku sisi tukimshukuru kwa makofi. Anayeona vingine na asimame aseme. Ndiyo maana ya mkutano.

Ila kabla hajasimama na akumbuke jambo moja. Nimepitia stakabadhi zote. Wanunuzi wa mazulia yale ya shilingi 150 hawakuwa wageni. Tulikuwa sisi wanachama, na wanakamati wawili walichukua mawili mawili. Moja limo chumbani mwangu; huwa nalikanyaga kila asubuhi nikivaa viatu. Shilingi 720 zilizobaki nimezilipa juzi, na stakabadhi iko katika jalada kwa atakayetaka kuiona. Sikumwagiza mtu mwingine afanye vivyo hivyo, wala kamati haikuagiza.

Jumamosi ijayo kazi itaanza saa nane mchana. Magunia manne yamekwisha kufuliwa. Atakayekuja na aje na mkasi wake, kwa kuwa Chama kina mikasi miwili tu, na mmoja haukati.