MITEGO YA KIANGAZI: TUMTEGE NANI, NA KWA MTEGO GANI?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Buigiri)



Nimepewa robo saa niseme juu ya utegaji. Sababu mnaijua. Mbele ya mkutano huu liko pendekezo kwamba shule ianzishe chama cha mitego, kiwe burudani ya vijana wakati wa likizo ya Juni, uwele na mtama vikishavunwa. Wako wanaosema huo ni ushenzi wa kizamani. Wako wanaosema ni elimu. Mimi nasema pendekezo ni jema, lakini kama lilivyoandikwa halifai, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza, tusiudharau utegaji. Huku Ugogo mvua huanza Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Kijana wa enzi zetu aliyechunga mbuzi wakati huo alikuwa katika shule ya pili. Alijua kupinda mti mbichi, kufunga kitanzi cha katani na kuweka kijiti cha kufyatukia. Alijua kuegemeza jiwe bapa juu ya vijiti, chini yake punje za karanga. Panya akigusa, jiwe linaanguka. Aliyasoma mavumbi kama ninyi mnavyosoma ubaoni: unyayo wenye alama za kucha ni wa mbwa au mbweha, wa mviringo usio na kucha ni wa paka-pori, kwa kuwa paka huzificha kucha zake anapotembea. Hayo ni mafunzo ya macho na ya subira, wala hayana ada.

Pili, vijana wameniambia kwamba huko Marekani watu hutega mbweha wa kwao na wanyama wengine wa manyoya kama burudani ya majira ya baridi, tena kwa leseni. Ni kweli. Biashara ya ngozi Amerika ya Kaskazini ni ya zamani sana. Hudson's Bay Company ilianzishwa mwaka 1670 kwa kazi hiyo. Lakini tutazame sababu. Kule theluji inapoanguka mnyama huota manyoya mazito, na ngozi hiyo ina mnunuzi. Mbweha wetu wa Buigiri hana baridi ya kumvalisha koti, na ngozi yake haina soko. Hata huko ng'ambo mambo yamebadilika: mwaka 1991 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliamua kupiga marufuku mtego wa chuma unaobana mguu. Tusiokote vazi ambalo wenyewe wanalivua.

Tatu, iko sheria. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchini, ikaja kuufungua tena mwaka 1978. Leo tunaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Kuwinda bila kibali ni kosa, na tanzi za waya, mashimo na sumu ni njia zilizokatazwa. Kijana wa kidato cha pili asidhani kwamba sare ya shule ni kinga mahakamani.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, ni habari ya mbweha mwenyewe. Pendekezo linamtaja kuwa adui wa kwanza kwa kuwa huiba kuku na vitoto vya mbuzi. Huiba, sikatai. Lakini chakula chake cha siku nyingi ni panya, wadudu, mizoga na matunda ya porini. Mtafiti Patricia Moehlman, aliyewachunguza mbweha wa Serengeti, alieleza mwaka 1979 kwamba dume na jike hulea watoto pamoja, na baadhi ya watoto wa uzao uliotangulia hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo zao. Maana yake ukiua mmoja umevunja kaya nzima, na panya aliokuwa akiwala wataingia katika ghala yako. Mwenye kuku na ajenge banda zuri, na mbuzi walale zizini. Hiyo ni dawa ya bei nafuu kuliko waya.

Tano, waya wa breki ya baiskeli hauchagui. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Kiangazi kilichopita waya uliotegwa karibu na njia ya kwenda bwawani ulimkata mguu mbwa wa jirani yetu mmoja, mzee anayemtegemea mbwa huyo kulinda mbuzi wake. Aliyeutega hakujulikana hata leo. Mzee huyo hakuja kulalamika shuleni, lakini salamu zake kwa vijana zimepungua, nami naona ana haki. Shule inaishi kwa heshima ya majirani zake. Tukiipoteza kwa ajili ya burudani, tutainunua kwa nini?

Basi tumtege nani? Ndugu zangu, adui tunaye, tena hana haja ya leseni: ni panya wa mashambani. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, akiwa amebeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi. Ndoo iliyofukiwa ardhini, yenye maji kidogo na chambo cha karanga juu yake, hufanya kazi usiku kucha. Yupo pia kwelea kwelea. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabuni wenyewe, ndege milioni moja ni tani 10. Jirani zetu Warangi wa Kondoa huwanasa kwa mitego ya vikapu vya majani, wakapata kitoweo, na hakuna tone la sumu linalomwagika kama ndege ya kunyunyizia inapopita. Chama kiende kujifunza huko, baada ya kumwona bwana shamba.

Wala kutega si lazima kuua. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Atakayetengeneza kisanduku kizuri cha kumnasa mnyama mzima, akamtazama, akampima na kumwachia, amefanya kazi ya kisayansi.

Neno la tahadhari. Panya msimshike kwa mkono mtupu. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980, na viroboto ndio waliobeba. Mbwa au mbweha akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, bali chanjo ikiwahi huokoa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lirekebishwe hivi: chama kiundwe, waya uwe marufuku, kitege panya na kwelea kwelea tu, na kila mtego uwe na jina la mwenyewe, ukaguliwe kabla ya jua kuchomoza. Asiyethubutu kuandika jina lake kwenye mtego wake, asiutege.