Sumu Hupitia Mlango Gani? Mimea Pori na Udongo wa Machimboni



Swali linaloulizwa sana ni hili: mnavu na mchicha pori vikiota kando ya marudio ya dhahabu, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, vinalika? Kabla ya kujibu, nami huuliza: ni metali ipi, na imeingilia wapi?

Mzizi hautafuti sumu, unatafuta chakula. Arseniki hufanana na fosfati, kwa hiyo hupita njia ileile. Kadimiamu hujipenyeza pamoja na zinki na chuma. Mimea mingi huizuia metali hukohuko mizizini, ikainasa kwenye kuta za seli au kuifunga kwa molekuli zenye salfa. Michache sana huipandisha majanini. Mwaka 2001 mtafiti Lena Ma na wenzake, huko Florida, walitangaza habari za kangaga liitwalo Pteris vittata: katika udongo uliotiwa arseniki, kilo moja ya majani yake makavu ilibeba zaidi ya gramu 20. Hata hivyo, makangaga yakishavunwa, sumu imehama tu. Majani yale yatatupwa wapi, na mbuzi wa nani atayafikia kwanza?

Watu wa Katanga, nchini Kongo, wanatufundisha tahadhari nyingine. Kwa miaka mingi mimea ya vilima vya shaba, kama Haumaniastrum robertii, ilisifiwa kwa kukusanya shaba na kobalti kwa wingi wa ajabu. Mwaka 2007 watafiti Faucon, Shutcha na Meerts waliyaosha majani vizuri kabla ya kupima, na viwango vikashuka. Sehemu ya ile sifa ilikuwa vumbi. Naipenda kazi hiyo kuliko nyingi zenye mashine za gharama: ndoo ya maji imewasahihisha mabingwa.

Sasa zebaki, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi wa Korogwe na Handeni. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linalobaki huchomwa, na zebaki hupaa kama mvuke. Ile iliyo ardhini hubaki zaidi mizizini. Ya kwenye majani hutoka hasa hewani, kupitia vitundu vya jani. Kwa hiyo kisamvu cha uani, karibu na mahali pa kuchomea, chaweza kunitia wasiwasi kuliko mnavu ulio mbali juu ya rundo la marudio.

Ndiyo maana siungi mkono wanaowaahidi wanakijiji mimea ya kufyonza zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020; kazi iliyo mbele yetu ni kuzuia mvuke, kwa vifaa vya kuunasa na kwa kuhamisha uchomaji mbali na nyumba. Na atakayekuja Handeni kuchukua sampuli, aoshe majani, apime mizizi peke yake, halafu awaulize wenyeji donge huchomewa wapi na upepo wa saa hizo huelekea upande gani.